Ahadi Niliyokupa Mezani

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuacha nyumbani sasa hivi ukinigombeza kwamba ninakunja vitenge vyako kama mtu anayefunga kidonda. Nimetoroka. Nimemwambia baba yako kuna mgonjwa ananisubiri kituoni, naye akanitazama kwa lile jicho lake la kusema hakuna mgonjwa yeyote. Na kweli hakuna. Wodini wapo kina mama wawili, wamejifungua salama, wanakunywa uji na kumsengenya nesi. Mimi nimejifungia kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa, jua la jioni linaingia kwa dirisha la upande wa mtoni, na ninaandika. Kesho basi la Mlimba litawachukua wewe na Deo na cherehani yako, na pale stendi nitapunga mkono na kusema safari njema kama mama mwingine yeyote. Haya siwezi kuyasema stendi, tena mbele ya makondakta.

Habari za vidonge vya damu, chandarua na maji ya kuchemsha sikuandikii. Umezisikia tangu ukiwa tumboni, na kama hujazishika mpaka leo basi mimi ni mwalimu mbovu. Nataka kusema jambo moja tu, la Jumapili mezani.

Ulikuwa unamenya chungwa. Ukaniuliza bila kuniangalia, "Mama, mwezi wa nne utakuja?" Nami nikajibu papo hapo, "Nitakuja." Sikufikiri hata kidogo. Ulitabasamu, na ni muda mrefu hujanitabasamia namna ile. Deo akasema, "Basi mama akiwepo, sisi hatuna presha," akaongeza wali. Wiki nzima kabla ya hapo mume wako alikuwa anahangaika: akushushe kutoka Masagati, kule juu anakofundisha, mapema, mwezi wa tatu, kabla mvua hazijafunga njia, ukakae kwa shangazi yake pale Mlimba karibu na kituo cha afya mpaka ujifungue. Alikuwa ameshaongea na shangazi. Alikuwa ameanza hata kuwaza ruhusa atakayoomba kwa mwalimu mkuu. Baada ya neno langu lile sikumsikia tena akimtaja shangazi. Jana nilimuuliza kwa mbali, akanijibu, "Mama, si ulisema utakuja mwenyewe?"

Skola, ninaogopa. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii, na ninachokiogopa ni neno langu mwenyewe.

Nianze na yale unayoyajua. Wewe umekulia ndani ya kazi yangu kama mtoto wa mwenye duka anavyokulia dukani. Watu wa bonde hili hawana daktari wa moyo na daktari wa ngozi na daktari wa watoto. Wana mimi. Bibi analetwa na presha, mkwe wake ana mimba, mjukuu ana homa, wote wanaingia mlango mmoja, wanakaa benchi moja, nawaona wote. Nilikuwa naipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilipenda mtu kuniambia "Daktari, huyu uliyemzalisha ndiye huyu sasa ana mtoto wake." Masika yakija, mto ukapanda na kuingia mashambani, ndipo nilipojiona wa maana kuliko wote. Simu inalia, navaa mabuti, naondoka. Baba yako alikuwa anawatania wageni, "Mke wangu ameolewa na serikali, mimi ni mlinzi wa nyumba tu." Nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka sana.

Unakumbuka ulipovunja ungo? Nilikuwa kwenye kambi ya waliohamishwa na maji, shule ya msingi, madarasa yamejaa kina mama na vichanga. Baba yako, mwanaume wa Mahenge aliyelelewa kwamba mambo hayo hayatazamwi, akaenda dukani Ifakara akanunua pedi za kukutosha mpaka umalize kidato cha nne, akaziweka mlangoni kwako, akagonga, akakimbia. Miaka yote tunaisimulia hadithi hiyo tukicheka. Lakini siku niliporudi hukunisalimia. Ulisema "Shikamoo daktari," na mimi nikadhani unatania.

Nimekuwa mama wa namna hiyo. Sikuandikii ili unihurumie, nilichagua mwenyewe. Juzi nilipokuomba ubaki hapa ujifungulie kwangu, uliniambia, "Hata nikibaki, masika yakija wewe utakuwa na wake za watu."

Sasa yale usiyoyajua.

Yustina unamkumbuka, mke wa Kasimiri, yule mrefu aliyekuwa akituletea kambale. Unajua kwamba alifariki wakati wa yale mafuriko ukiwa sekondari, na unajua kwamba mtoto alipona. Kinachosemwa na kila mtu bondeni ni kwamba daktari alikuwa njiani, maji yakamzuia, Mungu akapenda. Nawe uliambiwa hivyo, na aliyekuambia ni mimi.

Yustina alishatoka damu nyingi kwenye uzazi wake wa pili. Nilikuwepo, niliizuia kwa mikono hii na kwa dawa, na nilijua kabisa kwamba kwenye wa tatu anaweza kutoka damu tena. Kwa hiyo alipopata mimba nilimwambia mapema: masika haya hukai shamboni, unapanda kuja huku, unakaa nyumba ya kusubiria mpaka ujifungue. Akatii. Alikuja na ndoo yake na kanga zake, akakaa na wenzake pale nyuma ya wodi, wakisukana. Lakini mpunga ulikuwa umetoa masuke. Wewe unajua mambo ya huku: mpunga ukishatoa masuke, familia yote imehamia shamboni, inaishi juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, na kutwa ni kuamia ndege. Ukilala siku mbili, ndege wamekula chakula cha mwaka. Kasimiri alikuwa peke yake kule na watoto wawili wadogo. Yustina akawa hali chakula vizuri, akawa anasimama mlangoni anatazama mawingu.

Akaja chumbani humu, akapiga goti kidogo kama walivyofundishwa, akasema, "Daktari, naomba ruhusa. Nikawasaidie siku chache tu, kisha narudi."

Mimi nilipokuwa mwanafunzi niliona madaktari na manesi wakiwafokea wajawazito mpaka wanalia. Niliapa sitakuwa hivyo. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba hakuna mwanamke anayeniogopa, kwamba kwangu wanaongea. Kwa hiyo sikumfokea Yustina. Nilimwelewa. Nikamwambia, "Nenda, mama. Ukisikia chochote, hata mgongo tu, nipigie. Nitakuja mwenyewe."

Uso wake uling'aa kama wako Jumapili.

Mvua za juu milimani zikashuka zote kwa pamoja. Asubuhi moja bonde lote lilikuwa maji, mashamba hayaonekani, madungu yamesimama humo kama meza. Yustina alinipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Aliniambia uchungu umeanza, mama mkwe yupo, jirani yao ana mtumbwi na amesema yuko tayari kuwapeleka mpaka barabarani upande wa Michenga, kule walipopanda watu wengine. Akaniuliza, "Tuje, Daktari, au tufanyeje?"

Hapo, mwanangu. Nimerudi hapo mara nyingi kuliko nilivyorudi nyumbani kwetu Mahenge. Nilikuwa nimesimama pale nje chini ya paa la wodi. Nilikuwa nimepigiwa simu na ofisi kwamba boti ya uokoaji imeshatoka na itanipitia. Niliwaza mtumbwi mwembamba, mkondo, mwanamke mwenye uchungu ndani yake, watoto wake. Niliwaza pia, na hili ndilo ninaloandika kwa tabu, kwamba nataka ajifungue mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayemjua. Mimi ndiye niliyemzuia damu mara ya kwanza. Nikamwambia, "Msiingie majini. Tulieni hapo hapo. Nakuja na boti."

Akasema, "Asante, Daktari. Karibu." Hivyo hivyo, kama mtu anayekaribisha mgeni.

Boti haikuja. Nilipiga, nikaambiwa ipo njiani. Nikapiga tena, ipo njiani, imepita kwanza kuchukua watu waliokuwa juu ya paa. Sikuwalaumu, watu juu ya paa nao ni watu. Nami nikaendelea kukaa, begi mgongoni, mabuti miguuni, tayari. Kuna wavuvi wawili walikuwa pale na mitumbwi yao. Ningeweza kuwaomba. Ningeweza kumpigia Yustina nikamwambia, "Boti imechelewa, chukueni mtumbwi wa jirani, njooni." Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu kila nilipouliza niliambiwa ipo njiani, na mtu akiambiwa kitu kipo njiani akili yake inakaa chini na kutulia. Niliponyanyuka mwishowe na kuingia kwenye mtumbwi wa mvuvi, jua lilikuwa limeshapinduka.

Kasimiri alinisimulia mwenyewe, siku tuliyomzika. Alisema mtoto alitoka vizuri, akalia, mama mkwe akakata kitovu. Kisha damu haikukatika. Kasimiri akaona mkeka unavyokuwa, akashuka ngazi ya dungu, akafungua mtumbwi wa jirani, akamwambia mke wake, "Twende." Yustina akakataa. Alimwambia, "Daktari kasema anakuja. Tukiondoka tutapishana naye majini. Ahangaike kote huko, afike hapa atukose? Si adabu." Wakakaa. Mama mkwe akabandika maji ya chai juu ya jiko la mkaa ili nikifika nikute kitu cha moto.

Nilipofika chai ilikuwepo. Waliniwekea kikombe. Yustina alikuwa amefunikwa.

Skola, sijawahi kumwambia mtu habari ya kile kikombe. Nilikinywa. Sikujua nifanye nini kingine, mama wa watu amekishika kwa mikono miwili ananipa. Nilikinywa chote huku nimesimama.

Ukifikiri walinilaumu, hapana. Ningeweza kuishi na lawama. Kasimiri alinishika mkono akaniambia, "Ulijitahidi, Daktari." Kila baada ya mavuno hukosi kuona debe la mchele mlangoni kwetu, na wewe hukuuliza linatoka wapi kwa sababu huku watu wanaleta vitu. Linatoka kwake. Mchele wa mwanaume ambaye mke wake alikufa akinisubiri mimi, nimewalisha ninyi. Nilijaribu kukataa mara moja, akaumia sana, akadhani nimedharau. Mtoto naye alimpa jina langu. Felista. Anakuja hapa na homa zake, nesi anaita jina kwenye benchi, "Felista Kasimiri," na kila mara nageuka mimi kabla yake. Anasoma shule ya msingi sasa. Mrefu kama mama yake. Ananiita bibi, anakaa mapajani kwangu.

Baada ya pale ningependa kukuambia nilibadilika nikawa daktari bora. Watu hupenda hadithi iishie hapo. Niliacha kusema nitakuja, hilo ni kweli. Niliwafundisha wahudumu wa vijijini, tukazungumza na wenye mitumbwi, tukawaambia kina baba: maji yakianza kupanda, mwenye mimba anaondoka kwanza, mpunga baadaye. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Na mwaka ulipofuata mpunga ukatoa masuke na wajawazito wakawa shamboni kama kawaida, kwa sababu maneno yangu hayaliwi. Nani atawalisha watoto? Mimi nina mshahara. Nilikuwa nawaeleza habari ya hatari watu wanaoijua hatari kuliko mimi, ila njaa wanaijua zaidi.

Masika yaliyopita ulikuwa Dar kwa dada yako, hukuona. Maji yalifika mahali ambapo wazee walikuwa wanatuambia hayafiki. Tuliwaweka tena watu shuleni. Nilizalisha kwenye darasa la tatu, nyuma ya vitenge vilivyofungwa kwenye madirisha, huku watoto wengine wanacheza nje na kuchungulia. Vichanga wakapata kuhara. Kina mama wakakaukiwa maziwa kwa njaa na hofu, wananionyesha matiti yao kana kwamba nina kitu cha kutia humo. Na wale baba vijana, Skola! Wamekaa ukutani barandani, vijana wenye nguvu, mikono imelala mapajani. Mpunga umekwenda, mbuzi wamekwenda. Wengine walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta vibarua kwenye miwa, na wengine hawajarudi.

Kulikuwa na binti mmoja kutoka Namawala, rika lako, ana mtoto wa wiki chache. Alikuwa ananyonyesha huku anatazama ubao. Nikamuuliza, "Unaendeleaje, mama?" Akaniambia, "Daktari, dawa ya mawazo ipo?"

Nikamjibu, "Haipo, mwanangu."

Akasema, "Basi nipe hata ya kichwa."

Nikampa. Nilikaa naye kidogo, nikanyanyuka, palikuwa na foleni. Nikampa panadol mtoto wa watu aliyepoteza kila kitu, na nikaandika kwenye kadi yake kwamba anaumwa kichwa. Hiyo ndiyo tiba yangu baada ya miaka yote hii. Unaponiona nimekaa pale uani jioni na redio imezimwa, ukadhani nimechoka, huwa nawaza watu wa namna hiyo. Zamani nilikuwa naamini kwamba nikifanya kazi kwa bidii, masika yatakuwa yanapungua makali. Siamini tena. Yanazidi, na mimi nazeeka, magoti yanauma nikiingia mtumbwini, na kijana waliyeniletea kunisaidia ameshaandika barua ya kuomba uhamisho. Simlaumu. Baba yako huniambia nihesabu waliopona. Nimejaribu. Waliopona hawakai akilini, wanakwenda zao nyumbani kama inavyopaswa.

Kwa hiyo ukiniuliza nimejifunza nini, ni kidogo. Nimejifunza kwamba maji yenyewe huua wachache. Wengi wanauawa na kungoja. Wanangoja mvua itulie, wanangoja mume arudi, wanangoja kuona kama damu itakata yenyewe, wanamngoja mtu mkubwa aliyesema anakuja. Na wanaongoja zaidi ni wale wenye adabu. Mwanamke mkorofi anapiga kelele, anabebwa, anafika. Yule mstaarabu, anayejua kukaribisha, asiyependa kusumbua majirani, huyo anakaa kimya na kubandika chai.

Na wewe umekuwa hivyo. Sijui ulirithi wapi, maana si kwangu. Toka udogo ukiambiwa subiri hapa, unasubiri. Siku ile ya kipaimara nilipokuambia nisubiri mlangoni pa kanisa, nami nikaitwa wodini, ulikaa pale na gauni lako jeupe mpaka padre akaja kufunga. Ulipoulizwa ukasema, "Mama kasema anakuja." Nilifika nikakukuta, na nikafurahi! Nilikusifu mbele ya watu kwamba nina mtoto mtiifu. Mungu anisamehe.

Sasa unakwenda Masagati. Napajua. Nilipanda huko na timu ya chanjo kabla hujazaliwa, watu wazuri, wakarimu, baridi ya asubuhi. Kutoka Mlimba kupanda kule, kiangazi, lori linafika. Masika vile vijito vyote vinakuwa mito, udongo unashuka barabarani, madaraja ya magogo yanabebwa. Mwezi wa nne hata pikipiki inashindwa, mgonjwa anabebwa na watu kwenye machela, wanapokezana. Hapo ndipo nilipokuahidi kwamba nitafika. Mimi, ninayeshindwa kufika ng'ambo ya mto ninaouona kutoka dirishani hapa.

Tena mwezi wa nne bonde litakuwa na maji. Simu itakuwa inalia. Nitakuwa nimesimama palepale chini ya paa la wodi, begi mgongoni, na pembeni yangu atakuwepo mwanamke wa mtu fulani ambaye hana mwingine. Ningependa kukuambia kwamba safari hii nitamwacha. Wewe ni mwanangu, mimba yako ya kwanza, ningemwacha na nani asingenielewa? Lakini najijua. Nitasema nimalizane na huyu mmoja kwanza, kisha niondoke. Na atakuja mwingine. Nisingependa uwe na mama wa namna hii, lakini ndiye uliyepewa.

Ukitaka kurudi hapa mwezi wa tatu, chumba chako kipo, baba yako atakupikia mpaka uchoke. Usipotaka, sikulaumu. Basi mrudie yule shangazi wa Mlimba. Nitamwambia Deo mwenyewe kesho, kabla hamjapanda basi, kwamba nimefuta niliyosema na mpango wake wa kwanza ndio mpango. Atashangaa. Huenda wewe utakasirika, na utasema unaona sasa, nilijua. Kasirika. Nimekuzoea ukiwa umenikasirikia, na ukiwa umekasirika huwa unatembea haraka.

Lakini mambo yanaweza kwenda kombo. Mvua zinaweza kuwahi, mtoto anaweza kuwahi, ukajikuta umekwama kule juu. Basi nisikilize vizuri, kwa sababu hapo ndipo nitakapokuwa hatari kwako. Ukinipigia na kuniambia tumbo linauma, mimi sitavumilia. Nitakwambia nakuja. Nitakuwa nimeshasahau barua hii na kila nilichoandika humu. Nitakupigia nikiwa stendi Ifakara niseme nimepata basi, nitakupigia nikiwa Mlimba niseme nimepata pikipiki, na sauti yangu itakuwa ya kweli, utasikia injini nyuma. Nitakubembeleza unisubiri. Usiniamini. Mwambie Deo aite majirani, wafunge machela, mteremke. Usiogope kwamba tutapishana, usinionee huruma, usiniachie chakula wala ufunguo. Utakuwa umenitendea adabu kubwa kuliko zote.

Naomba jambo moja tu kwa Mungu, nami siku hizi simwombi mengi. Kama nitapanda mlima ule mwezi wa nne, nimelowa, magoti yananiuma, nikagonga mlango wako, basi pawe kimya. Jiko liwe la baridi. Jirani atoke aniambie, "Mama, wameondoka tangu asubuhi, hawakutaka kungoja."

Nifike nikukose, mwanangu.

Mama yako,
Felista